Mshale Uliocheza Asubuhi

Fundi Abdoulkarim alikuwa na ugonjwa ambao mtaa mzima uliujua, mwenyewe akidhani ni siri. Kila aliposikia pikipiki ya Biasha ikipanda kutoka upande wa soko la Rumonge, alitafuta kitambaa akafuta mikono. Wateja wengine aliwapokea na oili mpaka viwikoni, akawanyoshea kifundo cha mkono washike hicho hicho. Lakini pikipiki hiyo moja, nyekundu iliyopauka, ya Kijapani, yenye miaka arobaini na ushei, ilimfanya awe msafi kama anayeingia msikitini.

"Futa na masikio," Nuhu alimwambia kutoka kibarazani kwake. Nuhu alikuwa fundi cherehani, jirani wa garaji kwa miaka kumi na minane, na mdomo wake haukuwahi kushinda njaa. "Mama Nadia iko anakuja. Utamusikia namna gani na masikio machafu?"

Abdoulkarim alitupa kitambaa nyuma ya pipa na kuinama juu ya injini ambayo haikuwa na haja ya kuinamiwa.

Biasha alizima pikipiki, akashuka, akaiegesha kwa msukumo mmoja wa goti. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mrefu, kitenge amekifunga juu ya suruali na mtandio ameubana chini ya kofia ya pikipiki. Alikamua mawese Gatete na kuyauza mjini, na hakukuwa na mwanamke mwingine wa umri wake aliyejiendesha mwenyewe. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakachoka, maana mcheshi akikosa wa kumjibu huishia kujicheka.

"Asalaam aleikum, kaka Karimu."

"Waaleikum salaam, Mama Nadia. Amahoro?"

"Amahoro, lakini hii kontere iko na mashetani."

Kontere ni ile saa ya mwendo iliyo juu ya taa ya mbele, yenye mshale unaokwambia unakwenda kilomita ngapi kwa saa. Biasha aliigonga kioo kwa ukucha.

"Asubuhi nikitoka nyumbani, mushale unaruka. Ishirini, sabini, ishirini, halafu unalala kwa sufuri. Na mimi niko natembea pole pole tu, kuku wananipita! Muchana unatulia. Kesho asubuhi tena, unacheza kama iko kwa harusi."

Mtu mwingine angeuacha ucheze. Nusu ya pikipiki za Rumonge zina shimo tupu mahali pa kontere, na wenyewe huupima mwendo kwa jinsi abiria anavyowakumbatia. Lakini Biasha alikuwa na sababu yake, na aliisema bila kuona haya.

Mumewe, Ramazani, alifariki Septemba ya mwaka uliotangulia. Ugonjwa wa sukari ulianza kwa kumchukua kidole, ukachukua mguu, mwisho ukamchukua mwenyewe. Mguu ulipokwenda, ndipo alipomfundisha mkewe kuendesha, kwenye uwanja wa mpira, yeye ameketi kwenye kiti cha plastiki, akipiga kelele mpaka mbuzi wakahama. Siku Biasha alipoweza kwenda Gatete na kurudi peke yake, Ramazani alimshika mkono, akamwapisha. "Arobaini, Biasha. Usipite arobaini mpaka nife. Na nikisha kufa, usipite vilevile."

"Niliapa," Biasha alisema sasa, bado ameiangalia ile saa. "Kila siku naangalia mushale, najua niko ndani ya neno lake. Sasa hii ikicheza, sijui kama namutii ao namuasi."

Maneno hayo yalimchoma Abdoulkarim mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwanza alimwonea huruma, kama ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angemwonea. Pili, na hili hakulipenda, alimwonea wivu maiti.

Tuseme mambo yalivyokuwa. Miaka thelathini na moja kabla ya hapo, Abdoulkarim alikuwa kijana wa kufunga matairi, na Biasha alikuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alimpenda bila mchezo. Alikuwa amekwisha kumwambia shangazi yake aandae posa. Ila kwanza alitaka mfungo wa Ramadhani upite. Ramadhani ikapita, akataka apate mabati ya chumba. Mabati yakapatikana, akataka na mlango. Alipokuwa anatafuta bawaba za mlango, Ramazani akaja kutoka Nyanza-Lac juu ya pikipiki nyekundu, akanunua mawese mara moja, akarudi mara ya pili bila haja ya mawese, na wiki ya tatu wazee wake walikuwa wameketi sebuleni kwa kina Biasha. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na Abdoulkarim alimkuta si wake. Alikula pilau ya harusi ile. Alisema ilikuwa tamu.

Baadaye naye alioa. Ndoa ilidumu miaka sita, kisha mke akarudi kwao Makamba bila ugomvi, akisema amechoka kuishi na mtu aliyeko nyumbani ambaye hayupo. Abdoulkarim hakumkatalia, kwa sababu alisema kweli.

Sasa Biasha alikuwa mjane, eda imekwisha tangu Januari, na Abdoulkarim alikuwa na sentensi moja aliyoitengeneza akaipiga msasa: *Mama Nadia, kama moyo wako utaruhusu siku moja, mimi niko.* Alikuwa anangoja mahali pa kuiweka. Wewe na mimi tumekwisha kuona huyu bwana anavyongoja.

Siku hiyo ya kwanza, Jumatatu, aliifanya kazi kama inavyofanywa. Aliweka gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Alifungua nati ya juu, pale waya unapoingia kwenye kontere, akalizungusha gurudumu kwa mkono na kutazama ncha ya waya. Kama ncha haizunguki, kosa liko chini, kwenye gia ndogo iliyo ndani ya gurudumu. Kama inazunguka vizuri, kosa liko juu, ndani ya saa yenyewe. Hii ilizunguka, lakini kwa kusitasita. Inajizuia, halafu inaruka. Basi kosa liko katikati.

Akauvuta ule uzi wa chuma uliosokotwa ambao hukaa ndani ya ala ya waya. Ulitoka na utando mzito, mweusi, wa kunata. Grisi ya zamani, alijiambia, hakutazama mara mbili. Akaumwagia petroli kikombe kizima, na wiki zile petroli ilikuwa inatafutwa Rumonge kuliko dawa, watu wakilala na madumu kwenye foleni. Nuhu aliona kikombe hicho akakohoa kwa makusudi. Abdoulkarim akaufuta uzi, akaupaka grisi mpya kidogo tu, akaacha ncha ya juu kavu ili grisi isipande kwenye saa, akaurudisha. Akajaribu pikipiki mpaka bandarini na kurudi. Mshale ulikaa mahali pake kama mtoto aliyeonywa.

"Murakoze cane, kaka," Biasha alishukuru, na akacheka kwa furaha. Kicheko hicho kilimtosha fundi mpaka Ijumaa.

Jumatatu iliyofuata Biasha akarudi. Mshale ulikuwa umepona siku nne, halafu Jumamosi asubuhi ukaanza tena.

Fundi aliumia. Si kwa sababu ya kumwona, hilo halikumuumiza hata kidogo, bali kwa sababu kazi yake ilikuwa imemrudia, na mbele ya mtu yule. Uzi hakuugusa. Hapo alikuwa amekwisha kupita, na Abdoulkarim alikuwa fundi wa aina ile ambayo mahali alipopita hapana haja ya kurudi. Alishuka chini, akafungua gia ya gurudumu, akakuta kikombe chake cha shaba kimelika upande mmoja, akachonga kingine kutoka kwenye kipande cha bati. Kazi nzuri kabisa. Akajaribu barabarani, saa tisa mchana, jua kali: mshale umetulia. Kesho yake asubuhi Biasha alimpigia simu akiwa njiani kuelekea Gatete. "Iko inacheza," alisema.

Jumatatu ya tatu alifungua saa yenyewe. Hapo ndipo mahali pa hatari, kwa sababu ukingo wa bati unaokishika kioo haupendi kufunguliwa mara mbili. Aliukunjua polepole kwa ncha ya bisibisi, milimita kwa milimita, na kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Biasha alikaa kwenye kigoda cha Nuhu akisubiri, na mchana ule, niseme ukweli, ulikuwa mchana bora wa maisha ya Abdoulkarim. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, milima ya Kongo ilionekana ng'ambo waziwazi, na yeye alikuwa na kazi ya mikono mbele yake na mwanamke huyo pembeni yake akiongea.

Ila aliongea nini? Aliongea Ramazani. Jinsi Ramazani alivyokuwa anakunywa chai akiivuta mpaka majirani wasikie. Jinsi alivyoogopa paka. Jinsi alivyomwamsha usiku kumwonyesha mwezi, naye akakasirika, na sasa angetoa kinu chake cha mawese ili aamshwe hivyo mara moja tu.

"Unajua ni nini iko inaniuma zaidi?" alisema. "Sauti yake imeanza kunitoka. Sura iko, mikono iko. Sauti inakwenda. Nikisema mambo yake kila siku, labda itabaki."

Abdoulkarim alikuwa ameshika sumaku ndogo ya kontere kwa vidole viwili. Sentensi yake ilikuwa tayari ulimini. Aliitazama sumaku, akaipuliza vumbi, na sentensi akaimeza na mate yake.

"Sema tu, Mama Nadia," alisema. "Mimi niko nasikia."

Na alisikia. Ndivyo mtu anavyoweza kuketi na kulishwa sahani ya mwenzake, kijiko kwa kijiko, na kuomba aongezewe.

Saa ilifungwa, mshale ukajaribiwa mchana, ukatulia. Siku ya pili asubuhi ukacheza.

Hapo jina la fundi likaingia mashakani. Nuhu alianza kuwauliza wapita njia kama wanamfahamu mtaalamu wa kontere Bujumbura. Na Abdoulkarim, ambaye alikuwa na hiari ya kufurahia tu zile Jumatatu, akagundua kwamba hawezi. Mwanamke alikuwa ameapa kwa mtu anayekufa, na kila asubuhi alikuwa anatoka nyumbani bila kujua kama amekitunza kiapo chake. Mapenzi gani hayo ya kumwacha katika hali ile ili wewe upate kumtazama?

"Iache ilale hapa," alimwambia Jumatatu ya nne. "Ugonjwa ni wa asubuhi, na mimi naupima muchana kila siku. Nataka niiendeshe nikitoka kusali alfajiri."

Biasha aliishika pikipiki kwenye tangi. "Haijalala inje ya nyumba yangu hata siku moja."

"Nitaingiza ndani. Nitalala nayo chumba kimoja."

Alisema hivyo bila kufikiri, na masikio yakamwaka moto. Biasha hakuona, au alijifanya hakuona. Alivua kofia, akaitundika kwenye usukani, akaondoka kwa miguu, na mara mbili akageuka nyuma kuiangalia pikipiki.

Alfajiri ilikuwa ya baridi, ile baridi ya Julai ambayo watu wa pwani ya ziwa huivalia masweta na watu wa milimani huicheka. Abdoulkarim alitoka msikitini, akaiwasha pikipiki, akashika barabara ya kusini. Hakufika hata kwenye michikichi ya kwanza. Mshale uliruka mpaka sabini, ukarudi kumi, ukatetemeka, ukaruka tena. Alisimama kando ya barabara, akazima injini, na kwa mara ya kwanza akafanya lile ambalo kiburi kilimzuia kwa wiki tatu. Akafungua nati ya juu na kuuvuta uzi aliokwisha kuuosha.

Uzi ulitoka umevaa rangi ya machungwa.

Si grisi yake. Grisi yake ilikuwa ya kahawia. Hii ilikuwa imeganda nene, kama mafuta ya mchuzi uliolala, na alipoisugua kati ya vidole joto la mkono liliiyeyusha ikawa nyekundu ikachuruzika. Akaipeleka puani, ingawa mtu aliyezaliwa Rumonge hana haja ya kunusa. Mawese.

Akaelewa yote pale pale, amechuchumaa kando ya barabara, malori ya samaki wa mikeke yakimpita. Mawese kwenye baridi huganda, uzi unakwama ndani ya ala, unajisokota, halafu unajifyatua, na mshale unaruka nao. Jua likipanda yanayeyuka, na fundi anaijaribu pikipiki saa tisa akijisifu. Na kwa nini baada ya kuoshwa ulianza tena Jumamosi? Kwa sababu Ijumaa kuna mtu alikuwa anayatia.

Ramazani ndiye aliyekuwa na desturi hiyo. Mji wote ulikuwa umemwona: kila Ijumaa, kabla ya kwenda kusali, anapaka mawese kwenye mnyororo, kwenye waya wa breki, matone matatu kwenye waya wa kontere. Alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi kwa kazi hiyo. Lakini kwa Ramazani, kwa zaidi ya miaka ishirini, mshale haukuwahi kucheza, Julai wala Desemba. Na sababu yake Abdoulkarim aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa ni yeye aliyeitengeneza.

Ilikuwa katika miaka ya vikwazo vya nchi jirani, binti yao Nadia bado ananyonya. Mipaka ilikuwa imefungwa, hakukuwa na oili wala grisi Rumonge nzima, na pikipiki zilikuwa zinalia barabarani kama nguruwe. Abdoulkarim alijaribu mawese, yakaganda. Akajaribu tena na tena, mwezi mzima. Mwishowe akapata: unayaacha mawese yatulie siku mbili, unachota yale mepesi ya juu tu, unatia na mafuta ya taa, sehemu moja kwa mbili za mawese. Hayagandi tena. Na siku Ramazani alipokuja na mnyororo unaolia, mkewe amepanda nyuma na mtoto mgongoni, Abdoulkarim alimvuta kando, akampa kichupa kilichojaa na kumweleza namna ya kukijaza. Alisema ni kwa ajili ya mnyororo. Kusema kweli hakutaka Biasha apite mjini juu ya kitu kinacholia.

Alikuwa amesahau. Ramazani hakusahau, alikishika kichupa kile mpaka kufa.

Biasha alifika saa mbili asubuhi, kwa miguu, na viatu vimejaa vumbi. Alimkuta fundi ameketi, uzi umelazwa juu ya gazeti mbele yake.

"Umeona ugonjwa?"

"Nimeuona. Mama Nadia, siku ya Ijumaa, nani anapaka hii pikipiki mafuta?"

Alijibu mara moja, kwa fahari. "Ni mimi. Sijaruka Ijumaa hata moja tangu amekufa. Kichupa chake kiliisha mwezi wa tano, nikajaza mawese ya kinu changu, mazuri kabisa, ya kwanza. Yeye aliweka matone matatu. Mimi naongeza kidogo, asione nimepunguza..." Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye gazeti, kwenye ile rangi. Muuza mawese haelezwi mawese. Aliweka kidole kwenye uzi, akaona mafuta yalivyoganda, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye naiharibu."

"Hapana."

"Mimi ndiye, Karimu. Kila Ijumaa. Nasema namutunzia kitu chake, kumbe naua." Alikalia kigoda cha Nuhu, akafunika mdomo kwa mtandio. Hakulia kwa sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika.

Abdoulkarim alimtazama, na mambo matatu yakasimama mbele yake. Angeweza kumwambia aache mawese, atumie grisi ya dukani, na Ijumaa yake ingekufa kama mwenye Ijumaa alivyokufa. Angeweza kusema si kitu, ilete kila Jumatatu nikuoshee, na angekuwa naye kila Jumatatu mpaka mmoja wao azikwe. Hili la pili lilimvuta, usidanganyike; lilimvuta kwa nguvu, hata akafumbua mdomo kulisema.

Akaufunga, akachagua la tatu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ndogo yenye mawese mepesi na kibuyu cha mafuta ya taa.

"Hujaharibu kitu. Unafanya nusu ya kazi yake, ile nusu uliyoiona. Kulikuwa na nusu nyingine alikuwa anaifanyia nyuma ya nyumba. Uko na mawese hapo nyumbani yaliyotulia siku mbili?"

"Iko."

"Chota ya juu, ile nyepesi. Usiguse ya chini. Halafu hivi." Akamwonyesha, sehemu moja kwa mbili, akitikisa. "Hii haigandi. Matone matatu, Mama Nadia. Usiongeze. Matatu yanatosha."

Biasha aliichukua chupa, akaitikisa, akainusa. Na harufu ile, mawese na mafuta ya taa pamoja, ilimfikia mahali ambapo maneno yote ya Jumatatu hayakufika. Akafumba macho.

"Ni yeye," alinong'ona. "Ni mikono yake ya Ijumaa. Nilikuwa nasema iko harufu imekosekana kwa nyumba, sijui gani. Ni hii." Akafumbua macho, yamejaa maji, na alikuwa anacheka. "Miaka yote hiyo, na hakuniambia! Alipata wapi akili kama hii, ule mutu? Hata kufunga kamba ya kiatu ilimushinda. Nani alimufundisha?"

Barabara ilikuwa na kelele zake za kawaida. Cherehani ya Nuhu ilikuwa imesimama. Biasha alimtazama Abdoulkarim usoni moja kwa moja, akingoja, na jibu lilikuwa maneno mawili tu. Maneno hayo yangemwingiza ndani ya nyumba ile, ndani ya Ijumaa zote za miaka ishirini na zaidi. Ilikuwa haki yake. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Ramazani alikuwa mutu wa kutafuta," alisema. "Alijaribu jaribu mwenyewe mpaka akapata."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alikuwa fundi, sema hakupenda kujionyesha."

Biasha aliikumbatia chupa kifuani. Alikuwa amepewa kitu kipya cha mtu aliyekufa, na vitu vipya vya wafu havipatikani. "Mungu amurehemu," alisema.

"Amina," alisema Abdoulkarim.

Akaurudisha uzi, safi, na matone matatu. Biasha mwenyewe ndiye aliyekaza nati. Alivaa kofia, akawasha, akaenda mpaka kwenye kona na kurudi, na aliporudi alionyesha kidole kwenye kontere kwa furaha ya msichana. "Haitikisiki! Basi sitakusumbua tena, kaka. Umepoteza Jumatatu ngapi kwa ajili yangu!"

"Si kitu," alisema fundi.

Alimwangalia akishuka kuelekea soko, akipita wauza samaki wa ndagala, akipinda kushoto. Alibaki amesimama pale hata baada ya mlio wa injini kwisha kusikika, mikono imening'inia, na hapo ndipo alipoyasema yale maneno mawili, kwa sauti, akiiambia barabara.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" aliuliza Nuhu.

Abdoulkarim aligeuka.

"Mimi nafunga mapema leo," alisema, na akaanza kuingiza vyombo ndani.